Susu la Viazi

Olšinky, 12 Oktoba 1999

Mama mdogo Irma,

Nakubusu mikono yote miwili. Mama anakusalimu. Magoti yanamsumbua tangu baridi ilipoanza kuingia, lakini mdomo haujambo: juzi alimfukuza muuza mazulia mpaka darajani. Mtoto wa kaka Milan alibatizwa Jumapili. Tulipika goja, ule utumbo wa kujazwa viazi, ukapasuka kwenye tanuri na viazi vikamwagika vyote, na mama akasema ni kwa sababu hukuwepo wewe wa kuushona. Kila mtu alikuulizia. Baba mdogo Gejza alikuja, akakaa mwisho wa meza karibu na mlango, akanywa kidogo, akaondoka kabla ya muziki. Afya yake nzuri. Bado yuko kiwanda cha mbao. Nyumba yenu ameipaka chokaa upya, hata upande wa nyuma usioonekana na mtu.

Umeniuliza kazi ya redioni ni kazi gani, na kama naimba. Siimbi. Wanaosikika ni wengine, mimi niko nyuma. Redio yetu ni chumba kimoja juu ya ukumbi wa utamaduni, ukutani tumepigilia matrei ya mayai na mablanketi ili sauti isirudi. Kila Jumatano jioni tunarusha mchezo kwa Kiroma chetu hiki hiki sisi Waroma wa hapa, siyo cha vitabuni. Waigizaji wanasimama kwenye kipaza sauti na karatasi zao, mimi nachuchumaa chini na beseni langu. Mtu akitembea kwenye theluji, hiyo ni mimi nafinya mfuko wa wanga. Moto ukiwaka, hiyo ni karatasi ya pipi. Mlango, ndoo, farasi, kofi la shavuni, vyote ni mimi. Vierka, yule binti wa mpiga besi, anapigwa makofi kila wiki na hajaguswa hata siku moja.

Mwandishi ni Dezider, unamkumbuka, alikuwa anapiga fidla harusini kabla vidole havijamkakamaa. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa wa harusi na watu wakauchoka. Bibi Hana alisimama chini ya dirisha akampigia kelele: "Dezider, hao wako wataoana lini? Mimi nitazikwa kabla hawajakata keki." Dezider akanuna siku kadhaa. Sasa ameandika mwingine. Ni wa mwanamke anaitwa Rozálka, hapati mtoto. Vierka ndiye Rozálka. Akilia, mtaa wote unalia. Jumatano hakuna mtu barabarani.

Sijui nikueleze nini zaidi. Ni mchezo tu.

Mwanao,
Žaneta


Gent, 3 Novemba 1999

Žaneta mwanangu,

Barua yako nimeipata, nimeisoma jikoni kwa yule bibi ninayemtunza. Ananiita kwa jina la binti yake aliyekufa. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, siku hizi naitika. Anakula vizuri, analala vizuri, kuoga ndiyo vita. Mwambie mama yako apake magoti mafuta ya bata bukini, siyo yale ya duka la dawa, na aache kukimbizana na watu. Mtoto wa Milan nimemshonea kofia, nitaituma na Julka akija huko.

Hapa kunanyesha. Hakuna zaidi.

Huyo Rozálka, Dezider amemtoa wapi? Namjua Dezider tangu tukiwa watoto. Yeye hajui kutunga, anajua kuchukua. Hata nyimbo alizokuwa anasema ni zake zilikuwa za baba yake. Niambie huyo mwanamke hapati mtoto kwa sababu gani. Niambie kama kuna hospitali humo ndani.

Na Gejza anasikiliza? Nilipoondoka hatukuwa na redio.

Nijibu mapema.

Mama yako mdogo,
Irma


Olšinky, 20 Novemba 1999

Mama mdogo,

Nakubusu mikono. Theluji ya kwanza imeanguka na bomba la mtaani limeganda, tunachota mtoni. Mama amepaka mafuta ya bata, sasa anasema magoti ni nafuu lakini nyumba nzima inanuka kama Krismasi. Milan anashukuru kwa kofia kabla hajaiona.

Dezider hupata mambo yake huku na huku, watu wanamsimulia. Hospitali ipo kidogo. Watu wanaupenda sana mchezo. Padri ameutaja kanisani.

Baba mdogo hana muda wa redio, unajua kiwanda kinavyomchosha.

Lazima nikimbie, Vierka ananisubiri.

Žaneta

Mama mdogo, nimefungua tena bahasha. Redio anayo. Nilimpa ile yetu ya zamani mwezi wa nane, nilitaka asikie kazi yangu.


Olšinky, 4 Desemba 1999

Mama mdogo Irma,

Leo sina salamu za mtu yeyote. Hakuna anayejua nakuandikia.

Barua iliyopita usiiamini. Aliyemsimulia Dezider ni mimi.

Ilikuwa mwezi wa tisa. Harusi yake imekwama, ameketi sakafuni anachana karatasi. Anamuuliza Vierka, anamuuliza fundi mitambo, kila mtu anatoa kisa cha kijinga. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwenye beseni? Unakaa hapo chini kila siku na takataka zako, huna hata hadithi moja?" Mama mdogo, tangu nianze kazi pale hakuna aliyewahi kuniuliza kitu isipokuwa dirisha limefungwa au la. Nikafungua mdomo na hakikutoka kingine ila chako.

Nilimwambia yote uliyoniambia siku ile tunafunga mizigo yako, yale uliyoniomba nisimwambie mtu, hata baba mdogo. Msichana wa miaka kumi na tisa, mke mpya, anapelekwa hospitali kwa kidole tumbo. Karatasi anayosukumiwa huku amejikunja kwa maumivu, imeandikwa maneno asiyoweza kuyasoma, na yule nesi anamwambia tia sahihi hapa, upesi, la sivyo utakufa. Miaka inapita bila mtoto. Kisha yule daktari wa mjini, anaosha mikono huku amempa mgongo, anamwambia, "Mama, unatafuta nini kwangu? Wewe walishakufunga kizazi zamani, siku ile ile ya upasuaji."

Jina sikulitaja. Nilisema ni mwanamke wa mbali. Lakini nilipoona Dezider ameacha kuchana karatasi na macho yamemtoka, nikaongeza na susu. Susu la mtoto ambalo baba mdogo alilichonga mwaka wa harusi, mnamowekea viazi.

Dezider alinibusu kwenye paji la uso. Akaliweka susu kwenye kila sehemu ya mchezo. Na aliyetoa sauti ya viazi vikidondoka susuni ni mimi, kiazi kimoja kimoja, kwenye sanduku la mbao, karibu kabisa na kipaza sauti. Fundi alisema hajawahi kurekodi kitu kizuri kama kile. Nilifurahi. Nimekaa nikitafuta namna ya kukuandikia kwamba sikufurahi, lakini nilifurahi, nikarudi nyumbani naimba.

Nitukane. Nitasoma kila neno.

Žaneta


Olšinky, 18 Februari 2000

Mama mdogo,

Krismasi imepita, kofia imefika na Julka, mtoto imemkaa mpaka puani. Barua haikuwemo. Nilimuuliza Julka kama umempa neno lolote, akasema, "Amenipa kofia." Mama ananiuliza kwa nini humwandikii, nasema posta.

Nakuandikia bila jibu kwa sababu kuna jambo lazima ulijue, na ni baya kuliko la kwanza.

Baba mdogo alikuja redioni. Alhamisi mchana, akiwa bado na unga wa mbao kwenye nyusi. Nilikuwa peke yangu nakunja nyaya. Alivua kofia kama yuko kanisani, akatazama matrei ya mayai, akatazama beseni.

"Wewe ndiye unayepiga viazi?" akauliza.

"Ndiyo, baba mdogo."

"Unavipiga vizuri. Nilidhani viko jikoni kwangu. Niliinuka kutazama."

Akazungusha kofia mkononi, akaizungusha tena.

"Žaneta, mimi si mtu wa maneno. Nakuuliza mara moja. Rozálka ni Irma?"

Mama mdogo, nilikuona wewe. Nilisema moyoni, nimekuvua nguo mbele ya mtaa mzima, angalau hili nikufunike. Nikamwambia hapana. Nikamwambia nyumba zenye susu la viazi ni nyingi. Akasema, "Kweli?" Nikaapa kwa kaburi la babu.

Nilitegemea ashushe pumzi. Badala yake alikaa kwenye kiti cha Vierka, mabega yakamwanguka.

"Basi ni mimi," akasema. "Ni yale matubwitubwi niliyougua utotoni yaliyotunyima mtoto, kama mama yangu alivyokuwa anasema. Jumatano ile daktari alipomwambia Rozálka ukweli nilijiambia, Gejza, huenda siyo wewe. Nimetembea wiki nzima nimenyoosha mgongo. Hata kiwandani wameniuliza nimepata nini."

Akavaa kofia. Akanishukuru. Mimi, akanishukuru, akafunga mlango taratibu ili usigonge.

Sikujua. Hukuniambia kwamba anajihesabu yeye ndiye mwenye kosa. Nilidhani mlisema tu Mungu hakuwapa. Tangu siku hiyo nikimwona barabarani napinda kichochoro, na mara mbili nimemwona naye anapinda, nadhani anadhani ninamwonea aibu.

Kuna jambo jingine, sijui kama ni jema. Wanawake wanakuja redioni. Wa kwanza alikuwa Zuzana, yule anayefagia shule. Aliinua blauzi pale pale mbele ya Dezider na kusema, "Tazama, kovu la Rozálka wako hili hapa. Sasa niambie na mimi nilitia sahihi nini." Wakaja wengine, wote Waroma kama sisi, hata wa vijiji vya juu. Dezider amekuwa mpole, anawaletea viti. Wananishika mkono na kuniambia Mungu akubariki. Kila wakinibariki natamani sakafu ipasuke.

Žaneta


Gent, 9 Machi 2000

Žaneta,

Msalimie mama yako, mwambie mimi mzima. Yule bibi alifariki mwezi wa kwanza. Nilimwosha mwenyewe, safari hii hakunipiga. Wanawe wameniweka mpaka nyumba iuzwe.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na maneno mabaya nikangoja yaishe. Hayajaisha, yamepungua. Nilikupa kitu unishikie, ukakitoa ili mtu akutazame. Hilo nimeliandika, sitaliandika tena, na usinijibu kwa kulia.

La Gejza si lako. Ni langu, na nimekuwa nalo tangu kabla hujajua kufunga viatu.

Siku ile niliyotoka kwa daktari wa mjini, nilitembea kutoka kituoni nikipanga nitamwambiaje. Nilimkuta uani anang'oa majani. Kabla sijaweka mkoba chini akaja, akapiga magoti kwenye tope. Mama yake alikuwa amemwambia asubuhi hiyo juu ya matubwitubwi. Akasema, "Irma, nisamehe. Ni mimi. Ukitaka kuondoka sitakuzuia." Analia, mwanaume mzima, na mikono yake ina udongo.

Ningesema pale. Ilikuwa neno moja tu. Nilimwambia inuka, utapata baridi.

Mwanzo ilikuwa ni woga. Unajua mke asiyezaa anavyorudishwa kwao, na mama yake Gejza, kabla ya kukumbuka matubwitubwi, alikuwa ameshamtafutia mwingine. Halafu woga uliisha na bado sikusema. Tangu siku hiyo Gejza hakunipandishia sauti. Alinichotea maji, mtaa ukimcheka. Alikaa njaa ili mimi nile nyama. Kwenye ubatizo wa watoto wa watu alikuwa anakaa karibu na mlango, na mimi nilikaa katikati ya wanawake, na walinihurumia, nikapokea huruma yao. Nimekula upole wa mtu yule miaka yote hiyo nikijua si haki yangu. Mnadhani nilikuja huku kutafuta kazi. Nilishindwa kumtazama akinikatia mkate.

Kwa hiyo usijipige kifua sana. Wewe umeniibia mara moja.

Kwenye kifurushi hiki kuna kaseti. Gejza hajui kusoma na sitaki wewe umsomee. Chukua kinasa sauti cha redioni, mpelekee, bonyeza, utoke nje. Usisikilize. Najua kazi yako ni kusikiliza, ndiyo maana nakuomba.

Kisha muulize kama nije Pasaka. Neno atakalosema niandikie hilo hilo. Usilipambe, usilipunguze.

Irma


Olšinky, 4 Aprili 2000

Mama mdogo Irma,

Nakubusu mikono, kama bado unaniruhusu. Mama mzima. Yule bibi uliyemtunza nimemwashia mshumaa.

Mchezo wa Rozálka tumeusimamisha. Nilimwomba Dezider, akaniita mwendawazimu, akatupa kalamu, halafu akakubali. Jumatano sasa wale wanawake wanakaa kwenye kipaza sauti na kusema wenyewe, asiyetaka kutaja jina hatajwi. Beseni liko kabatini. Mimi nawasha na kuzima tu.

Nilikwenda kwa baba mdogo Jumapili baada ya misa. Alikuwa anapasua kuni. Nilipoweka kinasa sauti mezani akauliza ni sauti ya nani humo. Nikasema ni yako wewe, mama mdogo. Alinawa mikono kwa sabuni, akaingia chumbani, akatoka amevaa shati jeupe, lile la Krismasi, na vifungo amefunga mpaka shingoni. Akakaa. Akaniambia, "Haya."

Nikabonyeza, nikatoka. Sikusikiliza. Nilikwenda mpaka kwenye kibanda cha kuku, nikaziba masikio, na kwa kuwa hata hivyo nilihofia kusikia, nikaanza kuwaimbia kuku. Jirani yenu alitoka kunitazama.

Baada ya muda akafungua dirisha akauliza, "Hii inarudishwaje nyuma?" Nikaingia nikamwonyesha kitufe, bila kumtazama usoni, nikarudi kwa kuku. Alisikiliza upya toka mwanzo.

Alipotoka alikaa kwenye gogo la kupasulia kuni. Shati lilikuwa limelowa kifuani.

"Umesikia?"

"Hapana."

"Vizuri. Uliniapia kwa kaburi la babu yako."

"Ndiyo, baba mdogo. Nilidanganya."

"Usiape tena. Wewe hujui kuapa." Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. Akaokota kipande cha kuni, akakitazama, akakiweka. "Miaka yote nimekuwa nikimwomba mtu msamaha. Usiku, njiani, kazini. Sasa sijui niuweke wapi."

Nikamuuliza lile la Pasaka.

"Mwandikie asije."

"Asije Pasaka?"

"Asije."

Nikachukua kinasa sauti. Kaseti hakunirudishia na sikuidai. Nilikuwa nimeshafika lango la bustani aliponiita.

"Žaneta. Muulize basi la kutoka huko linafika siku gani."

"Si umesema asije?"

"Nimesema. Nataka nijue siku ya kutokwenda kituoni."

Hayo ndiyo maneno yake, sijayapamba wala kuyapunguza, na maana yake usiniulize mimi. Mimi nimeacha kusema ya watu.

Jana alipita redioni akitoka kazini, akauliza kama umejibu. Nikamwambia hata barua yenyewe sijaituma. Alivua kofia, akasimama pale mlangoni, kisha akaenda zake. Leo amerudi tena, amesimama hivyo hivyo ninapoandika, anangoja niandike anwani ili aipeleke posta mwenyewe.

Žaneta